Niliolewa na Marehemu wa Konde

"Marehemu! Jamani, marehemu huyo!!"

Ndivyo alivyopiga kelele yule mwanamke, katikati ya soko la Konde, saa tano na nusu asubuhi, jua linawaka.

Kapu lake la muhogo likaanguka. Kidole kimenyooka moja kwa moja kwa mume wangu.

Mume wangu mimi, Shadya! Mwanamume niliyelala naye kitanda kimoja miaka mitatu!

Alikuwa ndo kwanza ameshusha barakoa anywe juisi ya miwa. Glasi iko mkononi.

"Hafidh..." yule mwanamke akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Hafidh, si tumekusomea khitma?"

Halafu akaanguka chini, puu!

Nikageuka nimwambie mume wangu, "Ridha, huyu dada amekufananisha, tumsaidie." Manake mume wangu anaitwa Ridha. Kwenye cheti cha ndoa ni Ridha, kwenye kitambulisho ni Ridha, kitandani ni Ridha.

Hakuwepo!

Nikamuona kwa mbali anapanda bodaboda. Hakutazama nyuma hata mara moja. Kaniacha peke yangu, mgeni, nchi ya watu, na soko zima limenikodolea macho.

Glasi ya juisi alikuwa ameirudisha mezani taratibu. Hakumwaga hata tone.

Sasa ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, msije mkaniona mjinga. Ingawa ujinga ninao, sikatai.

Mimi ni mtoto wa Likoni, Mombasa. Ridha nilimpata huko huko kwetu. Fundi mafriji, mpole, mtu wa swala tano, sauti ya chini. Wasichana tuliokuwa tunamtaka tulikuwa foleni!

Alipokuja kuposa hakuja na mtu. Alisema ni wa Tanga, wazazi wamekufa, ndugu hana. Aliyesimama upande wake ni rafiki yake wa kazini.

Mama alinuna. "Shadya, mtu mzima huyu hana hata shangazi?"

"Ndo vizuri mama, sitasumbuliwa na mawifi!"

Nilicheka sana siku ile. Mama hakucheka.

Mwaka jana akaniambia amepata kazi nje ya nchi. Mwenzenu nikajua Qatar! Nikaanza kuaga mtaa mzima, nikashona na mabaibui mapya. Kumbe nje yenyewe ni Pemba!

Shoga zangu walinicheka mpaka wakakaa chini. "Wenzio wavuka bahari kwenda Doha, wewe wavuka kwenda kuanika karafuu!"

Lakini wallahi nilipapenda. Tulipanga nyumba Mtambile. Karafuu zimeanikwa kwenye mikeka mbele ya kila mlango, harufu inaingia mpaka kwenye foronya. Majirani wakiniita "mgeni wetu", kila siku sahani ya kitu inaingia. Wiki ya kwanza tukaenda Chake, dukani kwa Ruqaiyabai, tukanunua dazeni nzima ya vikombe vya maua ya buluu. Nikajiona nina nyumba yangu.

Ila Ridha alikuwa na masharti.

Picha zake nisiweke mtandaoni. Tukitoka, yeye barakoa usoni na kofia ya kampuni imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Eti vumbi! Na Konde hatuendi.

"Kwani Konde kuna nini?"

"Hakuna kitu Konde, Shadya."

Siku nilipouliza mara ya pili, kikombe alichokuwa anakinywea kilipita karibu na sikio langu kikapasuka ukutani.

Akasema kimemteleza. Akapiga magoti akaokota vipande mwenyewe, akaniomba radhi huku analia. Nikamfuta machozi mimi!

Matembezi yetu yalikuwa Jumamosi. Kila Jumamosi, Gombani, uwanjani, kuangalia wanafunzi wa shule za msingi wanavyofanya mazoezi ya mbio. Nikajiuliza, mtu asiyejua hata timu ya taifa ina wachezaji wangapi, hawa watoto wana nini?

Anakaa juu kabisa, pembeni. Mimi ananituma chini.

"Yule mtoto mwenye mtandio wa kijani. Mwite umpe juisi."

Mtoto mwenyewe alikuwa anaitwa Mwanawema, miaka kumi. Jamani, alikuwa na mbio! Wenzake wako nusu ya uwanja, yeye keshafika, kashika kiuno, anacheka na pengo lake. Mimi sijajaaliwa mtoto. Nilimpenda siku hiyo hiyo.

"Muulize anasoma wapi," Ridha ataniambia. "Muulize anatoka saa ngapi. Anarudi na nani?"

Nikauliza. Nikapanda juu kumletea majibu yote. Anasoma Konde. Anatoka saa sita na nusu. Anarudi kwa miguu na wenzake. Baba yake anaitwa Haroub.

Niliposema "Haroub", chupa ya juisi mkononi mwake ikabonyea mpaka kifuniko kikaruka.

"Vipi?"

"Plastiki za siku hizi nyepesi," akasema.

Nikaamini. Mimi nilikuwa naamini kila kitu!

Sasa ile Alhamisi akaamka na uso mkunjufu. "Shadya, leo twende Konde."

"Konde?!"

"Si ulikuwa unapataka? Beba nguo za siku mbili. Tutapita sokoni, halafu tukapumzike pwani ya kaskazini."

Nikaruka kwa furaha. Nikavaa baibui jipya. Ndo hilo hilo nililokuwa nimelivaa pale sokoni, nimesimama na begi la nguo, mume kakimbia, mwanamke wa watu kazimia chini.

Turudi pale.

Mwanamume mmoja mrefu akatoka mbio kwenye duka la vitambaa, akambeba yule mwanamke. Alikuwa mumewe. Wanawake wawili wakanishika mikono, huyu kulia huyu kushoto. Sikujua nimekamatwa au nimepokewa.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya soko. Yule dada alipozinduka, cha kwanza alinitafuta mimi.

"Dada, mie naitwa Khairiya. Wewe ndo nkewe?"

"Mimi ni mke wa Ridha."

"Hakuna Ridha hapo," akasema. "Yule Hafidh. Alinioa mie."

Nikakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa.

Akanihadithia. Miaka minane iliyopita Hafidh alipanda boti kwenda Tanga, boti ikazama. Wengine walipatikana, wengine hawakupatikana. Hafidh hakupatikana.

"Bila maiti, Shehe alisema siwezi kukaa eda. Nisubiri, huenda yu hai. Nikasubiri miezi. Halafu mama yake, Bi Mwanapili, akaiokota kofia yake ufukweni."

"Kofia tu?"

"Nilimshonea mwenyewe, dada, miezi mitatu kwa sindano. Kwetu nke humshonea numewe kofia, na mkono wa kila mtu unajulikana. Shehe alipoiona hakuuliza tena. Ikasomwa khitma, nikakaa eda miezi minne na siku kumi. Baadaye ndo Haroub akanioa."

Haroub! Nikamtazama yule mwanamume mrefu mlangoni. Jina hilo nilishalisikia wapi? Kichwa changu kilikuwa kizito, hakikutaka kufika.

Khairiya akanisogelea.

"Dada. Amekupiga?"

"Hapana! Ridha hajawahi hata kunifinya."

"Na vyombo?"

Nikashika sikio langu.

"Mie alianza na vikombe," akasema, akapandisha mkono wa gauni lake.

Juu ya kiwiko kulikuwa na kovu pana, jeusi, lenye ncha mbele. Alama ya pasi ya mkaa! Nikafumba macho.

Nilipoyafumbua nikakutana na picha ukutani. Mtoto, mtandio wa kijani, medali shingoni, pengo mdomoni.

"Huyu... huyu nani?"

"Mwanangu Mwanawema. Ndo huyo aliyeniachia Hafidh, wakati huo ana miaka miwili."

Jamani!! Jumamosi zote zile! Juisi zote zile! Anasoma wapi, anatoka saa ngapi, anarudi na nani... Yote nimempelekea mimi kwa mdomo wangu!

Na yule mtu pale sokoni hakukimbia kwa kuogopa. Aliwahi shuleni.

"Saa ngapi saa hizi?" nikapiga kelele. "Saa ngapi?!"

Ilikuwa saa saba kasorobo.

Sikumbuki tulifikaje shuleni. Nakumbuka mwalimu tu, kashika chaki, anatabasamu.

"Mwanawema? Ameshachukuliwa. Kuna baba kaja, kasema katumwa na Bi Shadya wa Gombani, yule anayemletea juisi. Mtoto mwenyewe kalisikia jina karukaruka kwa furaha!"

Jina langu mimi ndilo lililofungua geti.

Khairiya hakulia. Alinitazama tu, na heri angenipiga.

Simu yangu ikaita. Ridha!

Haroub akaninyooshea mkono niitoe. Nikatikisa kichwa. Nikaweka kidole mdomoni, nikapokea.

"Umeniacha sokoni, Ridha!" Nikalia. Sikuigiza, machozi yalikuwa karibu.

"Nisamehe mke wangu. Wale watu wana ugomvi wa zamani na mimi, nitakueleza. Uko na nani?"

"Na nani tena? Nimekaa barazani kwa watu kama mkiwa!"

Nikasikia mtoto analia nyuma yake.

"Njoo," akasema, sauti ile ile ya upole. "Chukua bodaboda, nitakuelekeza. Kuna boti inatuvusha Shimoni, upande wa Kenya, lakini maji yamekupwa, iko kwenye tope mpaka saa tisa. Mtoto wa ndugu yangu mmoja ninaye hapa, anakutaka wewe. Mnyamazishe."

"Mtoto gani?"

"Njoo peke yako, Shadya."

Akakata.

Ujumbe ukaingia na jina la pwani, nikamuonyesha Haroub, nikaenda. Haroub na wanaume wa sokoni walipita njia ya minazi, nyuma ya pwani, na polisi walishaitwa. Lakini yeye angemuona mtu yeyote kabla yangu, angemchukua yule mtoto aingie naye mikokoni, na mikoko ile anaijua tangu utoto. Kwa hiyo ilibidi nitangulie.

Pwani ilikuwa tupu. Maji yamerudi mbali, boti ya faiba imelalia ubavu. Mwanawema amekaa juu ya begi la shule, macho mekundu.

"Bi Shadya!" Akanikumbatia kiunoni. "Nataka kwenda kwetu!"

"Mwambie anyamaze," Ridha akasema.

Alikuwa amevua barakoa. Nikamtazama uso mume wangu kana kwamba namuona leo. Macho yalikuwa yale yale, na hilo lilinitisha zaidi.

"Ridha, huyu mtoto ana wazazi wake."

"Mzazi wake mimi! Bahari haikuniua, nikakaa Mombasa nikajiambia basi, nimekufa, nianze upya. Halafu nasikia mke wangu kaolewa na Haroub! Kitandani kwangu! Mke abaki naye. Mtoto simwachi. Na mama mtu alie, ajue uchungu wake."

Alisema hivyo akitabasamu kidogo. Sikumsikia hata mara moja akisema anampenda mtoto.

"Sawa. Lakini ana haja ndogo huyu. Nampeleka pale kwenye vichaka."

"Hapa hapa nimuone."

"Ridha! Mtoto wa kike wa miaka kumi! Ana haya zake!"

Akanishika kifundo cha mkono. Akabana mpaka nikasikia mfupa. Miaka mitatu ya ndoa, mara ya kwanza.

"Usichelewe."

Tukaanza kutembea. Mtoto kanishika baibui. Nyuma nasikia mchanga, anatufuata polepole.

"Mwanawema," nikamnong'oneza. "Unaiona ile minazi miwili? Baba yako Haroub yuko pale. Nikikwambia sasa, kimbia kama Gombani. Usitazame nyuma."

"Na wewe?"

"Mimi nakuja. Tayari?"

Akainamisha kichwa, akakunja ngumi zake ndogo.

"SASA!"

Wapendwa, yule mtoto aliruka! Mchanga ukanipiga usoni! Ridha akapiga ukelele nisiowahi kuusikia kwa binadamu, akanipita, nami nikajitupa nikamshika mguu kwa mikono miwili. Tukaanguka wote. Akanipiga kofi, akanipiga la pili, akanipiga teke la kifua, sikuachia! Nilikuwa namtazama mtoto tu, mtandio wa kijani unakuwa mdogo, mdogo, mpaka Haroub akatoka kwenye minazi akamnyanyua juu.

Hapo nikaachia. Wanaume walikuwa wameshafika.

Sasa mnafikiri yameisha? Bado!

Kituoni, Ridha alikaa kwenye benchi ametulia kabisa, anatabasamu.

"Afande, nimeiba nini?" akasema. "Mimi ni Hafidh. Yule ni binti yangu wa kumzaa. Yule ni mke wangu wa ndoa, sijamwacha, kaolewa na mume mwingine nikiwa hai. Nataka kwenda kwa kadhi. Ndoa yao ivunjwe, hiari ni yangu, nimrudie au nimwache."

Nikamuona Haroub anamshika Khairiya mkono, na Khairiya anautoa mkono wake polepole, kwa hofu ya haramu. Nyumba yao, watoto wao wawili wadogo, miaka yao yote, vimebaki kwenye neno moja la mtu huyu. Na alijua! Alikuwa anafurahia!

Afande akanigeukia. "Wewe unamjua kama nani?"

"Ridha. Cheti changu cha ndoa hiki hapa, nilikibeba kwa ajili ya gesti, na kitambulisho chake kiko mfukoni mwake."

Tabasamu likapungua kidogo.

"Khairiya?"

Khairiya akatazama chini. "Sokoni nilipatwa na mshtuko. Watu hufanana."

"Muongo!" Akasimama. "Mama yangu yu hai! Muiteni mama yangu! Mama hawezi kumsahau mwanawe!"

Wakamleta Bi Mwanapili. Kibibi kifupi, ukaya wa kichwani umefungwa vizuri, anatembea kwa kujishika ukuta. Chumba kizima kikasimama.

"Mama!" Mume wangu akalia machozi ya kweli. "Mama, mie Hafidh wako!"

Bi Mwanapili akamtazama. Akamtazama tena. Akatoa ndani ya kanga kofia moja, nyeupe zamani, sasa rangi ya chai, imeshonwa vitundu vidogo kama nyota.

"Mwanangu alikufa maji," akasema. "Kofia yake hii. Nimemlilia, nimempikia khitma miaka minane. Huyu siye mwanangu. Huyu ntu tu kaiba ntoto wa watu."

"Mama!!"

Hakugeuka. Akajishika ukuta, akatoka.

Ridha kama Ridha akafunguliwa kesi ya kumchukua mtoto wa watu. Mimi kadhi alinifungulia mlango wangu, ndoa ikavunjwa. Hayo yamepita.

Ila siku ile jioni Bi Mwanapili alinichukua kwake, nilikuwa na uvimbe shavuni. Akanimiminia chai ya mchaichai kwenye kikombe cha bati. Kabatini kwake, vyote bati. Hakuna hata kimoja cha udongo.

"Tangu alipobaleghe," akasema, kaona ninavyoangalia. "Vya udongo havikukaa humu. Baba mtu alikuwa vivyo hivyo."

Nikashindwa kunywa.

"Bibi... ile kofia uliiokota ufukwe gani?"

Akaiweka kofia magotini. Halafu akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Sikuiokota. Aliisahau hapa kwangu siku aliyosafiri. Mimi ndo niliyemtia Khairiya marhamu pale pasi ilipomuunguza, nilimuuguza wiki tatu. Boti ikazama, Shehe akasema asubiri. Nikasema asubiri nini? Aje amalize mkono wa pili? Nikaitia kofia maji ya bahari siku saba, nikaipeleka mwenyewe."

"Kwa hiyo ulijua huenda yu hai?"

"Mama hujua." Akajifuta macho kwa ukaya. "Nilimzaa mara moja, nimemzika mara mbili. Leo ndo nimemzika kweli. Kunywa chai, mwanangu."

Nikanywa. Tulilia wote wawili, mie na mkwe wangu ambaye sikujua kama ninaye.

Dada zangu mnaosoma hapa, mwanamume akija kuposa hana hata mtu mmoja wa kwao, msicheke kama nilivyocheka mimi. Ulizeni watu wake wako wapi. Huenda wapo, na wanajua kitu.

Na nyinyi mlioko ndani tayari, mnaosema "hajawahi kunigusa," kama nilivyokuwa nikisema... Nilirudi Mtambile kufunga mizigo. Nikafungua kabati la vyombo. Tulinunua dazeni nzima, mnakumbuka? Mimi nilikuwa nakumbuka kimoja tu kilichoteleza.

Vilibaki viwili.

Nenda jikoni, dada. Kahesabu vikombe vyako.